Samaki Mwenye Mwenzake Kooni

Mörnsberg, bonde la Altmühl, 1836

29 Septemba. Mtakatifu Mikaeli. Mvua.

Leo wameleta samaki mwenye damu. Si damu yake, yeye aligeuka jiwe kabla hajazaliwa mtu wa kumtoa damu. Ni damu ya Ignaz Mödl, mpasua mawe. Imeganda kwenye ukingo wa bamba, na Bwana Daktari Stölzl akaniambia niisafishe kwa maji ya chumvi kabla sijaanza kuchora, kwa sauti ile ile anayoniambia nifute vumbi mezani.

Lakini samaki mwenyewe, lo! Nimechorea kitabu cha Daktari samaki wa mashimo haya ya mawe mpaka macho yananiuma, na huyu sijapata kumwona wa kufanana naye. Ni mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Magamba yote yapo, meno yote yapo, na mdomoni ana samaki mwingine, mkia ungali nje. Alimmeza asiyemezeka, wakafa wote wawili. Jiwe lake nalo ni nene, nene kama mawe yetu ya kuchapia picha. Samaki wazuri kwa kawaida hukaa kwenye mabamba membamba ya kuezekea paa.

Blasius Rottler, mwenye shimo, ndiye aliyemleta kwa mkokoteni wa ng'ombe.

"Nimempasua mwenyewe," akasema.

"Na Ignaz je?" nikamwuliza.

"Ameteleza. Huoni matope haya? Amegonga kichwa. Atapona, ana kichwa kigumu kuliko jiwe."

Kaka yangu Korbinian, anayesaga mawe hapa karakanani, akanitupia jicho. Huku kwetu mwenye nyundo ndiye mwenye samaki. Aliyepasua jiwe ndiye anayetajwa, hata shimo liwe la nani. Na Blasius hajashika nyundo ya kupasulia tangu mgongo ulipomharibikia. Anachoshika ni mjeledi wa ng'ombe na kikombe cha bia.

Daktari hakuuliza neno. Alikuwa amepiga magoti mbele ya samaki kama yuko altareni. "Rottler," akasema, "samaki huyu atapewa jina lako. Kwa Kilatini, kitabuni. Watalisoma Paris."

"Hata nikifa?"

"Hata wajukuu wako wakifa."

Jitu lile likavua kofia. Halijui kusoma hata jina la mtaa wake, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. Mimi nilicheka kimoyomoyo.

30 Septemba.

Mvua. Nimechora jicho.

4 Oktoba.

Ignaz amekufa.

Mkewe, Walburga, aliniita nikamsaidie kumwosha, maana jirani zake wote wanakula kwa Blasius na ghafla kila mmoja ana kazi. Tukamgeuza. Nyuma ya sikio pana shimo. Nimechora vitu vidogo maisha yangu yote, nikiona umbo nalijua. Shimo lile lina pembe nne, kama kitako cha nyundo.

"Unaona nilichoona?" Walburga akaniuliza.

"Naona."

"Aliniambia kabla hajapotewa na kauli. Kasema, 'Walburga, nimempata samaki, ana mwenzake kooni, tutatajwa.' Halafu akaanza kutapika."

Matope hayana pembe nne. Nikaenda moja kwa moja kwa Daktari, sketi inachuruzika maji, nikamwambia. Yeye ndiye mganga wa wilaya, yeye ndiye anayeandika mtu kafa kwa nini.

"Kreszenz," akasema bila kuinua uso, "mimi nimeshaandika. Mödl aliteleza. Wewe chora mapezi, uniachie mimi mafuvu."

Nilikuwa namheshimu sana mtu huyu. Alinitoa jikoni kwa paroko, akanifundisha kushika kalamu ya mafuta na kuandika kinyumenyume mbele ya kioo. Nikajiambia anajua zaidi yangu. Lakini nilipolala niliona zile pembe nne.

9 Oktoba.

Mvua bado. Daktari ameniletea jina la kuandika chini ya samaki. Nikalisoma mara mbili. Si Rottler. Ni Hohenlinn, yule baroni wa Munich anayekifadhili kitabu.

"Uliahidi mtu," nikamwambia.

"Niliahidi ng'ombe dume. Hajui kusoma, na kwenye jiwe maandishi yamegeuka. Akiuliza, mwonyeshe mstari wowote."

Basi nimeandika Hohenlinn. Blasius simwonei huruma hata chembe, afe na kiburi chake. Ila maandazi ya viazi, ninayoyapenda, nimempa Korbinian yote.

16 Oktoba. Sikukuu ya kanisa letu.

Misa, bata, bia, ngumi. Mwaka wowote usipovunjika mguu wa kiti juu ya mgongo wa mtu, wazee husema sikukuu ilipoa. Safari hii haikupoa. Mpasua mawe mmoja, akiwa amelewa, aliimba wimbo wa kumcheka mtu anayeua kwa sababu ya samaki wakati mto umejaa samaki wa bure. Blasius akanyanyuka mezani polepole. Akamshika kichwa yule mwimbaji, akakigongesha kwenye meza, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka sahani zikaanza kuruka. Korbinian akaingilia, akavutwa, akapigwa kikombe cha udongo usoni. Akarudi nyumbani na kipande cha sikio la mtu mfukoni.

"La nani?" nikamwuliza nikimfunga kitambaa.

"Sijui. Lilikuwa karibu na meno yangu."

"Pumbavu wewe! Mikono hiyo ndiyo inayotulisha."

"Nilitumia meno, dada. Mikono ni mizima."

Nilimzaba kibao, kisha tukacheka wote wawili mpaka jeraha lake likafunguka.

20 Oktoba.

Mvua. Magamba.

21 Oktoba.

Magamba.

26 Oktoba.

Blasius amekuja kumtazama samaki wake. Huja sasa kila siku ya soko, ananuka ng'ombe na pombe ya matunda, anasimama nyuma ya bega langu na kupumua. Fosili iko mkono wangu wa kushoto, jiwe la kuchapia mkono wa kulia. Samaki wangu anatazama upande ulio kinyume na wa yule halisi, na Blasius kila mara anaona nimekosea.

"Umemgeuza."

"Akichapwa atageuka tena. Toka kwenye mwanga wangu."

"Jina langu liko wapi?"

Nikamwonyesha mstari kwa ncha ya fimbo. Akanyoosha dole gumba lake, lile lenye kovu la mpasuko katikati, alitaka kuupapasa. Nikamtandika fimbo kwenye kifundo.

"Usiguse! Jiwe hili hupenda mafuta. Kidole chako kikiligusa, mafuta yako yanabaki, na wino utakuja kukaa hapo hapo. Unataka dole lako lifike Paris?"

Alinyanyua mkono kunipiga. Nilimwona kabisa akipima. Kisha akaurudisha chini, akanywea kama mtoto aliyekatazwa jamu. "Ni zuri," akasema. "Jina. Ni refu."

"Refu," nikasema.

2 Novemba. Siku ya Marehemu wote.

Makaburini, matope hadi vifundoni. Walburga amewasha mshumaa, upepo ukauzima, akauwasha, ukazimwa. Blasius amepita na shada kubwa la maua kwa ajili ya mama yake, akamsalimu Walburga kwa kuinua kofia. Walburga akamtemea mate kwenye kiatu. Kijiji kizima kikageuka kutazama mawingu.

Baadaye akaniambia, "Nilidhani angalau huyo samaki angetajwa kwa Ignaz. Mtu akipotea, jina libaki."

Nikaukinga mshumaa wake kwa viganja. Ninalojua mimi na Daktari peke yetu ni kwamba samaki huyu hatatajwa kwa mtu yeyote aliyemwaga jasho au damu.

11 Novemba. Mtakatifu Martini.

Baridi kali ghafla. Tumechinja nguruwe. Blasius hukodiwa kuwachinja nguruwe wa kijiji kizima, na lazima niseme ana mkono mwepesi, mnyama hajui kilichompata. Wakati wa kukinga damu bakulini akaniambia, "Hivi ndivyo inavyotakiwa. Pigo moja." Halafu ghafla akatazama pembeni. Mkuki kwa nguruwe.

Samaki amekwisha. Mapezi, meno, mkia wa yule mwenzake, kila kitu. Bado kupigwa asidi tu ili mchoro ushike kwenye jiwe, tena kuchapa. Kwa mara ya kwanza maishani nimechora kitu nikaona sitaki kukiachia.

15 Novemba.

Nitaandika yote.

Asubuhi Daktari aliingia karakanani na wageni wawili kutoka Munich. Alitaka waone fosili na mchoro sambamba. Bamba la samaki alikuwa amelichonga nyuma na pembeni wiki iliyopita, likawa mraba safi kama jiwe la kuchapia, ili lipendeze kwenye kabati la baroni. Walipomaliza kulitazama akalilaza kifudifudi juu ya rafu ili vumbi lisiingie kwenye magamba. Hivyo ndivyo sisi tunavyolaza mawe yanayongoja kusagwa, uso chini. Kila mtu humu anajua. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuwekea desturi hiyo. Kisha akaenda na wageni wake kunywa divai.

Mimi nilikuwa uani nachota maji. Barafu ilikuwa imefunika kisima, ikabidi niivunje kwa shoka.

Mawe husagwa mawili mawili, uso kwa uso, mchanga na maji katikati, la juu unalizungusha juu ya la chini mpaka mchoro wa zamani ufutike. Korbinian akachukua jiwe la chini, akalimwagia mchanga. Akatoa la juu kwenye rafu. Mgongo mweupe, laini, pembe nne. Jicho lake moja bado limevimba tangu sikukuu. Akalilaza, akaanza kuzungusha na kupiga mluzi.

Niliingia na ndoo. Kwenye meza ya mbele ya dirisha lilibaki jiwe la mchoro tu.

"Korbi. Samaki yuko wapi?"

"Kabatini kwa Daktari, si alikuja na wale wageni?"

"Simama. Simama! Inua hilo jiwe!"

Akaliinua. Uji wa kijivu ukachuruzika hadi kwenye viatu vyake. Chini yake jiwe lilikuwa safi kama yai lililomenywa. Kwenye kona palibaki mkia wa yule samaki mdogo tu, nao umefifia.

Korbinian hakupiga kelele. Alikaa sakafuni, akaanza kukusanya ule uji kwa viganja, akautia ndani ya bakuli, kama kwamba unaweza kurudishwa.

Daktari alirudi na uso mwekundu wa divai. Akaona. Sikujua kama binadamu anaweza kutoa sauti ile. Alimfuata kaka yangu kwa bakora yake yenye kichwa cha fedha. Pigo la kwanza begani, la pili kichwani. Nikamrukia mgongoni, akanitupa juu ya mashine ya kuchapia. Kisha akamkanyaga Korbinian kwenye kifundo cha mkono wa kulia, akaupiga mkono pale sakafuni, akaupiga, akaupiga, na mimi nikasikia vidole vikivunjika.

"Bwana Daktari!" nikapiga yowe. "Wewe ndiye uliyemlaza kifudifudi! Wewe!"

"Nyamaza, malaya wa jikoni! Rottler akija nitamwambia nani alimsaga samaki wake. Tutaona atabakiza nini cha huyu."

Na anamaanisha. Blasius aliua kwa ajili ya samaki mzima. Kwa samaki aliyesagwa atamfanya nini Korbinian? Kaka yangu hawezi kukimbia, ana homa na mkono wake umevimba kama boga. Theluji imeanza na mkokoteni hatuna. Nimeufunga mkono kwa vijiti vya fremu. Kesho ni siku ya soko.

16 Novemba.

Alikuja kabla ya misa ya pili kuisha. Walishamwambia njiani, kwa sababu aliingia na nyundo, ile yenye kitako cha pembe nne. Daktari alikuwa amesimama karibu na jiko kana kwamba anangoja chai.

"Ni huyu hapa," akasema, akimnyooshea Korbinian kidole. "Samaki wako amekuwa uji. Mwulize."

Korbinian alijaribu kusimama, akashindwa. Blasius akapiga hatua mbili. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha. Ulikuwa uso wa siku ya kuchinja nguruwe.

Mimi nilikuwa mezani pangu, na mbele yangu jiwe la kuchapia. Nikachukua kisu cha kukwangulia, nikaweka ncha juu ya jicho la samaki.

"Blasius Rottler! Samaki wako yuko hapa. Hakuna mwingine duniani, amebaki huyu. Mguse kaka yangu nami namkwangua, macho, meno, jina, vyote. Utakuwa umeua tena bure."

Akasimama. "Tena?" akauliza.

"Nilimwosha Ignaz mimi. Usinifanye mjinga."

Theluji iligonga kioo. Akaja mezani, nyundo bado mkononi, akainama juu ya jiwe mpaka nikaona vinyweleo vya pua yake.

"Na jina langu lipo?"

"Lipo."

"Soma."

Mungu anisamehe, nilisoma "Rottler," polepole, ncha ya kisu ikipita chini ya herufi za Hohenlinn. Yeye akaweka dole gumba lake kando ya mstari, akalikandamiza. Safari hii sikumpiga. Ningemwacha hata alilambe jiwe.

"Kwa ajili ya samaki huyu nilimpiga Ignaz," akasema, sauti imekatika. "Alisema ni wake. Alikuwa anacheka. Nilitaka anyamaze tu."

Daktari akakohoa. "Mambo hayo tuyaache. Huyu mpumbavu aliyesaga—"

Blasius akageuka kwa Korbinian. "We. Nani alimlaza kifudifudi?"

Korbinian akamwelekeza kwa kidevu. "Daktari. Mbele ya wageni. Uso chini, kama mawe yetu."

Blasius akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa bei anayoijua. Akamwendea Daktari, akamgeuzia mpini wa nyundo, akampiga tayani. Pigo moja. Meno yaliruka hadi kwenye beseni la mchanga. Daktari akaanguka kwenye jiko, wigi lake likaanza kuungua, na Blasius akalizima kwa kiatu, kichwa kikiwa bado ndani yake. Sikusogea. Niseme kweli, nilifurahi, na furaha ile ilinidumu mpaka nikaona mkojo wa mzee wa watu umeenea sakafuni.

Blasius akaketi juu ya gogo, akangoja.

17 Novemba.

Kichwa cha Ignaz hakikuleta askari hata mmoja. Taya la Daktari limewaleta siku ile ile. Wamemfungia Blasius kwenye ghala la kuni la ukumbi wa mji mpaka barabara ifunguke.

Nilimweleza kiongozi wao kila alichokiri. Akanisikiliza, akasema, "Binti, Mödl aliteleza. Karatasi ya mganga wa wilaya ipo. Mimi naandika taya."

"Na mkono wa kaka yangu?"

"Mkono gani?"

18 Novemba.

Daktari amelala ghorofani, anakunywa mchuzi kwa mrija. Ameandika kwenye kibao: CHAPA. Nakala za wateja haziwezi kungoja, na samaki mwenyewe hayupo tena wa kuchorwa upya.

Sawa. Nitachapa.

Nimechukua kisu, nikamkwangua baroni wa Munich mpaka jiwe likawa jeupe. Nikaweka kioo mbele yangu, nikaandika jina jingine, kinyumenyume. Alama ya dole gumba ilikuwa pale kando, huwezi kuiona kwa macho. Kuifuta ni kazi ya dakika moja. Nimeiacha. Kisha nikapiga asidi.

19 Novemba.

Korbinian hawezi kuzungusha mashine. Nimemwita Walburga. Nikamwonyesha karatasi ya kwanza ilipotoka, yenye wino mbichi, nikamsomea jina. Alikunja mikono ya gauni, akashika usukani wa mashine, akazungusha kutwa nzima kama anayemnyonga mtu.

21 Novemba.

Gari la posta limepita kwenye theluji na limeondoka na nakala zote. Daktari aliomba moja juu kitandani. Alipoisoma alinirushia kikombe cha mchuzi. Na arushe. Kwa wasomi jina likishachapwa kitabuni limeshachapwa, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Nilifuta mchuzi ukutani, nikamtengenezea mto, nikamwambia, "Wewe baki na mafuvu, Bwana Daktari. Mapezi niachie mimi."

22 Novemba. Jua, na theluji inang'aa mpaka inaumiza.

Wamemtoa Blasius. Minyororo mikononi, blanketi la farasi mabegani. Kijiji kizima kilikuwa njiani, na hakuna aliyeimba.

"Zenz!" akaniita alipopandishwa garini. "Umechapa?"

"Nimechapa."

"Nionyeshe basi, mama. Huko ninakokwenda sitakiona kitabu."

Nikafunua karatasi mbele yake. Sasa samaki alikuwa anatazama upande wake sahihi, mwenzake kooni, meno yote yakihesabika. Blasius akacheka kwa furaha, machozi yakimtiririka hadharani. "Ndiye!" akasema. "Tazameni, ndiye!" Kisha akamgeukia askari aliyeketi naye. "Afande, nisomee hapo chini. Hilo jina. Kwa sauti, wasikie."

Askari akakunja uso, akasoma herufi moja moja. "Mo-e-dli. Kilatini hicho. Mödl."

Walburga alikuwa kando yangu, mikono imekunjwa, wino ungali kwenye kucha zake.

"Soma tena," Blasius akasema.

"Mödl, bwana. Imeandikwa Mödl. Na hili doa jeusi kando yake ni nini? Mmechafua?"

Lilikuwa dole gumba, wazi kabisa, kila mstari wa ngozi, na katikati lile kovu la mpasuko.

Blasius akalitazama kwa muda mrefu. Akageuza mikono yake ndani ya minyororo, akaangalia dole lake mwenyewe, kisha karatasi, kisha dole. Askari akampigia farasi ulimi, na gari likaanza kuteremka kuelekea mtoni. Lilipokata kona alikuwa bado ameinama, analisugua lile dole kwenye blanketi.